Bega la Gitaa: Utangulizi

Gitaa la uvungu, lile lenye mwili mpana, uso uliobinuka na matundu mawili yenye umbo la herufi f, lina mabega mawili. Bega la upande wa nyuzi nene kwa kawaida huachwa zima. Bega la upande wa nyuzi nyembamba, kwenye magitaa mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1940, limekatwa ili mkono wa mpigaji ufike kwenye freti za juu. Mkato huo una sura kuu mbili. Mmoja huishia kwa duara laini, na mafundi huuita mkato wa Venice. Mwingine huishia kwa ncha kali, nao huitwa mkato wa Florence. Kitabu hiki kinaichunguza mikato hiyo miwili na, kwa njia hiyo, kinamfundisha msomaji namna ya kukisoma chombo cha muziki kwa macho, kwa mikono na kwa masikio.

Kila anayetaka kununua gitaa la aina hii hufikwa na swali: nichukue la duara au la ncha? Majibu anayopewa mara nyingi huchanganya mambo matatu: mkono wa mpigaji, kazi ya fundi na sauti ya chombo. Ataambiwa la duara lina sauti tamu na la ncha lina sauti kali, kana kwamba sikio linasikia kile ambacho jicho limeona. Elimu ya ala za muziki huanza pale tunapoyatenganisha mambo hayo na kulipima kila moja mahali pake. Msimamo wangu nautangaza mapema ili msomaji aupime kadiri anavyosoma: umbo la bega hutueleza mengi kuhusu mkono na karakana, na machache sana kuhusu sauti.

Tuanze na historia. Mkato ni wa zamani kuliko gitaa la umeme. Tangu 1908, kampuni ya Gibson ya Kalamazoo, Michigan, ilikuwa ikitengeneza gitaa lililoitwa Style O, lenye bega moja lililopindwa kama msokoto na jingine lililokatwa. Mjini Paris, mwaka 1932, kiwanda cha Selmer kilianza kutoa magitaa yaliyobuniwa na Mwitaliano Mario Maccaferri, nayo yalikuwa na mkato. Ni magitaa ya Selmer ambayo mpiga gitaa wa jazi Django Reinhardt aliyafanya yajulikane duniani. Lakini L-5, gitaa lililoweka msingi wa ukoo tunaouzungumzia hapa, lilipotoka Kalamazoo mwaka 1922, enzi za mbunifu wa Gibson Lloyd Loar, lilikuwa na mabega mawili mazima. Kazi yake haikudai zaidi ya hapo. Katika bendi kubwa za jazi mpiga gitaa alikuwa mtu wa ridhimu. Alishika kodi na kuubeba mwendo pamoja na ngoma na besi, kama alivyofanya Freddie Green katika bendi ya Count Basie tangu 1937.

Kisha kazi ya gitaa ikabadilika. Mwaka 1936 Gibson ilitoa ES-150, gitaa la umeme ambalo halikuwa na mkato. Mpiga gitaa Charlie Christian, aliyejiunga na bendi ya Benny Goodman mwaka 1939, alilitumia kupiga solo za sauti mojamoja zilizosikika wazi katikati ya tarumbeta na klarineti. Mwaka huohuo wa 1939, L-5 na gitaa jingine la Gibson, Super 400, zilipata toleo lililoitwa Premier, lenye mkato wa duara. Mpigaji aliyekuwa akisimama nyuma ya bendi sasa alikuwa na njia ya kupanda hadi mwisho wa shingo.

Mkato wa ncha ulipata makao yake mwaka 1949, ilipotoka ES-175. Uso wa L-5 na Super 400 ulichongwa kutoka kwenye mbao nzima. Uso wa ES-175 ulikuwa wa plaiwudi iliyobanwa hadi ikabinuka, na jina lake lilitokana na bei yake, dola 175. Plaiwudi ilipunguza gharama, na ilikuwa na faida nyingine jukwaani: kwa kuwa haitikisiki kirahisi, haichochei upesi ule mluzi unaozuka sauti ya spika inapolirudia gitaa. Kwa namna hiyo ncha ikazoeleka machoni pa watu kama alama ya gitaa la kazi, na duara kama alama ya gitaa la heshima. Mazoea hayo hayakudumu. Mwaka 1960 L-5CES na Super 400CES, magitaa ghali kabisa ya umeme ya kampuni ileile, yaliacha duara na kuchukua ncha, kisha mwaka 1969 yakarudi kwenye duara. Mwaka 1961 Gibson ilitoa gitaa kwa jina la Barney Kessel likiwa na ncha mbili, na jingine kwa jina la Johnny Smith likiwa na duara. Wote wawili walikuwa wanajazi, na magitaa yao yalitoka kiwanda kimoja mwaka mmoja. Anayedai kwamba umbo moja ndilo la jazi ya kweli atapingwa na orodha za kiwanda chenyewe.

Kwenye karakana swali huwa la mikono zaidi. Mbavu za gitaa ni mbao nyembamba zinazolainishwa kwa maji na joto, kisha hukunjwa. Kwa mkato wa duara, ubavu hukunjwa kuingia ndani kuelekea shingoni, na papo hapo hukunjwa upande wa pili ili kuunda ile kona fupi ya mviringo. Mbao ya mepo yenye mawimbi, inayopendwa kwa uzuri wake, ndiyo inayopasuka upesi hapo, kwa sababu nyuzinyuzi zake hazikunyooka. Fundi huipunguza unene kwa uangalifu, huipa joto la kutosha, na huusikiliza ubao unapoanza kulalamika.

Kwa mkato wa ncha, kona ile fupi haikunjwi kabisa. Vipande viwili vya ubavu hukutana penye ncha, kama mbao zinavyokutana kwenye pembe ya fremu ya mlango, na ndani huwekwa kipande cha mbao cha kuviunga. Hatari ya kupasua ubao imepungua, lakini kazi ya kuunga imeongezeka. Utepe wa ukingo lazima ukatwe mshazari juu na chini, na pengo dogo kama unywele linaonekana na kila mtu. Ncha pia ndiyo sehemu inayogongwa kwanza gitaa linapopita mlangoni. Ukitaka kumjua fundi, chunguza hapo. Kwenye duara, pitisha kidole ndani ya mkunjo ukitafuta mabonde na nyufa zilizofunikwa kwa rangi. Kwenye ncha, angalia kama mistari ya utepe inakutana sawasawa.

Sasa sauti. Nyuzi hulitikisa daraja, daraja huutikisa uso, na hewa iliyo ndani huvuma kupitia matundu. Mtikisiko mkubwa wa uso uko sehemu ya chini iliyo pana, karibu na daraja. Bega, lililobanwa na mbao ya kushikilia shingo, huchangia kidogo. Kukata bega hupunguza hewa iliyo ndani kwa kiasi fulani, lakini tofauti ya ujazo kati ya duara na ncha ni ndogo zaidi ya hapo. Yenye nguvu ni unene wa uso, mbao nzima au plaiwudi, mihimili iliyogundishwa chini ya uso, aina ya nyuzi na, kwenye gitaa la umeme, kinasa sauti.

Magitaa yenyewe yanatupa ushahidi. ES-175 ilibaki na ncha yake ileile, lakini mwaka 1957 iliacha kinasa cha koili moja cha P-90 na kuchukua kile cha koili mbili alichobuni mhandisi wa Gibson Seth Lover ili kuzima mngurumo wa umeme. Sauti ilibadilika waziwazi ilhali bega halikuguswa. L-5CES nayo ilibadilishiwa vinasa kabla ya kubadilishiwa bega, kwa hiyo anayelinganisha la mwaka 1955 na la mwaka 1965, kisha akaihusisha tofauti yote na ncha, amesahau vinasa. Tena wapiga gitaa wa jazi Jim Hall na Joe Pass wote walipiga ES-175, na hakuna msikilizaji makini atakayemchanganya mmoja na mwenzake.

Inabaki hoja ya mkono, na hapa uchaguzi una uzito. Kwenye L-5 na ES-175 shingo hukutana na mwili penye freti ya 14, na freti ziko 20. Freti sita za mwisho ziko juu ya mwili, na mkato ndio mlango wa kuzifikia. Wapigaji solo wa dansi na rumba, ambao huishi kwenye freti hizo, watalielewa hitaji hili hata kama wengi wao hutumia gitaa lisilo na uvungu. Jambo la kupima ni kina cha mkato: chini yake pako usawa wa freti ya ngapi, na kisigino cha shingo ni kinene kiasi gani. Kuna mikato ya duara iliyo mirefu na ya ncha iliyo mifupi, na kinyume chake. Ncha ndefu inaweza kumgusa kiganja mwenye mkono mpana, na duara nene linaweza kumzuia mwenye vidole vifupi. Keti na gitaa, panda polepole hadi freti ya 20, shika kodi huko, ukae nayo. Mkono utakujibu.

Jicho nalo lina haki yake. Mtu huishi na gitaa miaka mingi, na uzuri wa umbo ni sababu halali ya kulichagua, mradi tuutaje kwa jina lake na tusiuvike vazi la sauti.

Sura zinazofuata zinakwenda kwa mpangilio huohuo: kwanza historia, kisha karakana, kisha elimu ya mawimbi ya sauti, na mwisho mkono wa mpigaji. Mwanafunzi wa muziki anaweza kuanzia mwanzo. Seremala anayetaka kujaribu kuunda gitaa aanzie sura za karakana. Hahitaji kujua kusoma nota, na mpigaji hahitaji kujua kushika randa. Ninachomwomba kila mmoja ni kusoma akiwa na gitaa karibu, lolote lile, na kulikagua kila dai linapotokea. Kuna maswali mengi kuhusu ala hizi ambayo bado yanasubiri watu wa kuyachunguza kwa Kiswahili, na nafasi ya kufanya hivyo iko wazi kwako.