Upepo Haubishi Hodi

Tarehe 26 Aprili, 1986, mtambo wa nyuklia wa Chernobyl uliripuka. Wakubwa wa Kisovieti walinyamaza. Siku mbili baadaye, vipimo vya Forsmark, nchini Sweden, vikaifichua siri hiyo.

Pepo za kaskazi na kusi nazo hazibishi hodi Unguja. Jirani yetu Dar es Salaam kiko kituo kinachochuja hewa na kupima mionzi, kimoja kati ya 80 vilivyopangwa duniani chini ya mkataba wa 1996 wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia. Twashukuru.

Lakini kipimo kisichomfikia mwananchi chafaa nini? Twaziomba mamlaka zihakikishe kwamba, siku ya hatari, mkaazi wa Amani na mvuvi wa Nungwi wataarifiwa mara moja, kwa Kiswahili fasaha. Penye kimya, uvumi hutawala.