Bao si kukurupuka: Chagua mwanzo unaokufaa

Na Mwandishi Wetu, Kyela

KOCHA anayepanga 4-3-3 huku hana winga hata mmoja anajitafutia lawama. Kwenye bao ni vilevile. Vijana wengi wanakaa chini ya mwembe, wanaiga mwanzo wa mzee aliyecheza miaka arobaini, dakika tano baadaye safu ya mbele imekwisha na wanauliza wamefungwaje. Ufundi wa mzee hauazimwi. Unaanza na kinachokufaa wewe.

Wapenzi wa chesi wanalijua hili. Anayejifunza huelekezwa ufunguzi wa Kiitaliano, kwa sababu unatoa farasi na askofu mapema na kumweka mfalme mahali salama. Sicilian, wenye vurugu nyingi, unasubiri mtu aliyekomaa. Bao nalo lina milango yake, ingawa haijapewa majina ya miji ya Ulaya.

Huku kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ukivuka Mto Songwe pale Kasumulu kuingia Malawi, mchezo huu unaitwa bawo. Sheria hubadilika kijiwe hadi kijiwe, hivyo kubalianeni kabla ya kukaa. Hapa tunafuata bao la Kiswahili linalochezwa Unguja, ndilo ambalo Mholanzi Alexander de Voogt alilifanyia utafiti wa shahada ya udaktari kule Leiden mwaka 1995, akichunguza akili za mafundi.

Kama ndiyo kwanza unajifunza, usione aibu: cheza bao la kujifunza. Kete zote 64 zinapangwa mbili mbili kwenye mashimo 32, mkononi hakibaki kitu. Hapo unazoea kuhesabu kete, kula na kuzunguka. Ukishaweza kuona zamu yako itaishia shimo gani bila kugusa kete, umehitimu.

Ndipo uingie bao kubwa. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Nyumba yako ni shimo la tano la safu ya mbele ukihesabu kutoka kushoto, ina kete sita. Shimo la sita lina mbili, la saba mbili. Mpinzani kapanga hivyohivyo upande wake, kwa hiyo nyumba yake haitazamani na yako. Inatazama shimo lako la nne, ambalo ni tupu.

Kwa kuwa hakuna kete zinazotazamana, anayeanza hawezi kula. Anatakata tu, yaani anasambaza bila kula: anatia kete moja kwenye shimo la sita au la saba, kisha anazipeleka kushoto au kulia. Jumla milango ni minne. Tuchukue miwili, yote ya shimo la sita.

Wa kwanza ni wa mshambuliaji. Tia kete moja shimo la sita, ziwe tatu, sambaza kushoto: moja nyumbani, moja shimo la nne, moja la tatu. Sasa umemshika pabaya. Kete yako ya shimo la nne inatazama nyumba yake, ya shimo la tatu inatazama kete zake mbili. Sheria inamlazimisha kula, lakini zamu ni moja. Akila ya shimo la tatu, wewe unatia kete shimo la nne na kubeba nyumba yake yenye sita. Akiwa mjanja atakula ya shimo la nne kuokoa nyumba, nawe unamla zile mbili. Umetoa moja, umepata mbili.

Angalia sasa: ukifanya shambulizi hilohilo kutoka shimo la saba, kete ya mwisho inaishia shimo la nne. Anaila, na wewe huna cha kulipiza. Upande uleule, shimo la jirani, matokeo tofauti. Ukizubaa imekula kwako.

Mlango wa pili ni wa mtulivu, yule anayependa mpinzani ajitokeze kwanza. Tia kete shimo la sita, zipeleke kulia: moja shimo la saba, moja la nane, moja inageuka safu ya nyuma. Hujagusana naye. Akijaribu mtego ule wa kwanza dhidi yako, kete yake moja itatua mbele ya nyumba yako na nyingine mbele ya shimo la sita, ambalo umeshalihama. Mtego umekosa mguu wa pili. Wewe unakula ile inayotazama nyumba yako, yeye hana cha kubeba.

Kuna uamuzi mwingine unaomtenganisha fundi na mwanafunzi. Ukiwa unakula na kete ya mwisho ikatua nyumbani kwako, unaweza kusimama au kusafiri, yaani kubomoa nyumba na kusambaza kete zake. Safari inapendeza watazamaji, lakini ukishaitoa nyumba hairudi, na kete zake zinatawanyika ambako zinalika. Kama huwezi kuhesabu safari itaishia wapi, simama. Timu haipandishi mabeki wote eti kwa kuwa jukwaa linapiga kelele.

Kwa hiyo, mdau, jipime kwanza. Unapenda kugongana na unaweza kuhesabu zamu mbili tatu mbele? Nenda kushoto. Bado unasoma mchezo? Nenda kulia, linda nyumba, mwache mwenzako akosee. Shika mlango mmoja, ucheze nao mwezi mzima na watu tofauti, halafu ndio uongeze wa pili. Anayebadili mwanzo kila anapofungwa hatajua kamwe kama tatizo lilikuwa mlango au yeye mwenyewe.