Kila Mchezaji na Siku Yake

Darasa letu hapa Bamburi lina daftari la siku za kuzaliwa za wanamichezo. Kipchoge Keino, bingwa wa mita 1500 kule Mexico 1968, alizaliwa 17 Januari 1940. Victor Wanyama, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, alizaliwa 25 Juni 1991. Siku ikifika, mmoja wetu husoma sifa zake. Akiwa ni mchezaji wa darasani, humwagiwa maji, chwaa!

Siku yangu mimi haijulikani. Nyanya hukumbuka tu ilikuwa Ramadhani. Mwaka jana niliachwa nje ya timu ya vijana, kwani umri huthibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa. Kweli, mali bila daftari hupotea bila habari. Wenzangu, waombeni wazazi wawatafutie vyeti mapema.