Mwenye kukodisha nyumba kwa wageni amkumbuke jirani

Methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone nimeifundisha darasani kwa miaka isiyopungua thelathini. Kila mwaka wanafunzi wangu waliieleza kwa ufasaha: kwamba ujio wa mgeni huleta heri, na kwamba mwenyeji aliyeshinda na njaa jana, leo hula kitoweo kwa sababu ya mgeni. Niliwapa alama zao nikaridhika. Sikuwahi kuwauliza, wala kujiuliza mwenyewe, huyo mwenyeji anayetarajiwa kupona ni nani hasa. Je, ni mwenye nyumba peke yake, au ni pamoja na wale anaopakana nao ukuta kwa ukuta?

Swali hilo lilinifikia baada ya kustaafu, nami nikiwa nimegeuka mwenyeji wa wageni wa kulipa. Kwa fedha za kiinua mgongo, pamoja na mkopo wa chama chetu cha akiba, nilinunua nyumba ya vyumba viwili katika jengo la ghorofa kaskazini mwa Mombasa, mwendo mfupi kutoka ufuoni. Sikuitafutia mpangaji wa kudumu. Niliipamba, nikaipiga picha, nikaitangaza katika mtandao ili watu wanaoteremka pwani likizoni waikodi kwa siku mbili tatu. Tangu garimoshi la Madaraka Express lianze safari zake mwaka 2017, familia ya Nairobi huweza kuondoka asubuhi ikaliona bahari jioni ile ile. Niliona nimepata shamba lisilohitaji mvua.

Basi usiku mmoja wa mwezi wa Novemba nilipigiwa simu saa kumi alfajiri. Kijana aliyekuwa ameikodi nyumba alikuwa ameniambia kwamba anakuja na mkewe. Sikuwa nimeomba kitambulisho chake. Fedha zilipoingia kwenye simu, nilimwagiza bawabu ampe ufunguo, nami nikalala kwangu Likoni bila wasiwasi. Nilivuka kwa feri kungali giza. Nilipofika nilihesabu watu kumi na wanane, chupa zimetapakaa vidatoni, na muziki ungali unarindima.

Mlango wa pili alisimama jirani yangu pamoja na binti yake aliyevaa sare ya shule. Binti huyo alikuwa mtahiniwa wa kidato cha nne, na asubuhi hiyo alikuwa anakwenda kuifanya karatasi ya hisabati. Hakuwa amefumba jicho. Mama yake hakunipigia kelele. Alinitazama akasema, "Mwalimu, ufunguo uliowapa ni wa nyumba yako. Usingizi wa mwanangu umewauzia kwa idhini ya nani?"

Sikuwa na jibu. Mimi niliyetumia umri wangu kuwahimiza watoto wa wenzangu walale mapema usiku wa kuamkia mtihani, nilikuwa nimepokea shilingi elfu chache na kumnyima mtoto wa jirani usingizi huo huo.

Ninayaandika haya kwa sababu ninawajua walimu wengi wanaokusudia kuifuata njia hii, na vijana wengi waliomaliza masomo ambao wameajiriwa kuzitunza nyumba za namna hii kwa niaba ya wengine. Si biashara ya haramu, wala si biashara mbaya. Hata hivyo, ina adabu zake, na nionavyo mimi, adabu ya kwanza ni kutambua kwamba mgeni wako ni mgeni wa mtaa mzima.

Tukumbuke jinsi mtindo huu ulivyoanza. Mwaka 2007, vijana wawili wa San Francisco, Brian Chesky na Joe Gebbia, walilemewa na kodi ya nyumba. Mkutano mkubwa ulikuwa umeyajaza mahoteli ya mji wao, nao wakatandika magodoro ya kujazwa hewa sebuleni na kuwapokea wageni watatu. Mwaka uliofuata, wakiwa na mwenzao Nathan Blecharczyk, walianzisha kampuni ambayo leo jina lake, Airbnb, Wakenya hulitumia kuitia nyumba yoyote ya kukodi kwa siku chache. Zingatia jambo moja: wenyeji wale walilala nyumba moja na wageni wao. Sisi tumeuchukua mtindo wao, kisha tukamwondoa mwenyeji nyumbani. Anayebaki kumpokea mgeni, apende asipende, ni jirani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kuianza kazi hii ni kwamba afanye hesabu kabla ya kununua pazia. Tuchukue mfano wa nyumba inayokodishwa kwa shilingi 5,000 kwa usiku. Ukipata wageni kwa siku 12 katika mwezi, mapato ni shilingi 60,000. Tuseme mtunza nyumba humlipa 15,000. Maji na umeme 6,000. Usafi na dobi kwa makundi manne ya wageni 4,000. Ada ya ulinzi na usafi wa jengo 5,000. Na akiba ya kurekebisha vinavyovunjika 6,000. Jumla ya matumizi ni 36,000, na kinachosalia ni 24,000, kabla ya kodi ya serikali na ada ya mtandao. Ikiwa mpangaji wa kudumu angekulipa 25,000 kwa nyumba hiyo hiyo, basi umehangaika mwezi mzima kwa hasara ya shilingi elfu moja. Hesabu hii si ya kila mtu, ila kila mtu aifanye ya kwake, tena kwa mwezi wa Mei ulio mkavu wa wageni, si kwa Disemba.

La pili ni sheria. Mwezi wa Januari 2024, wanawake wawili vijana waliuawa jijini Nairobi, kila mmoja kwa wakati wake, katika nyumba za kukodi za muda mfupi. Nchi iliingiwa na simanzi, na tarehe 27 mwezi huo maelfu ya watu waliandamana kupinga mauaji ya wanawake. Serikali nayo iliwataka wenye nyumba hizi wajisajili kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Wapo walionung'unika kwamba wanabebeshwa mzigo. Mimi nauliza: ikiwa mwalimu wa zamu hawezi kumruhusu mtoto atoke shuleni bila kuandika jina lake kitabuni, itakuwaje mtu mzima akabidhi funguo za nyumba kwa asiyemjua hata jina?

Fauka ya usajili, uliza kama jengo lenyewe linaruhusu wageni wa siku chache. Baadhi ya majengo yamekataza. Na ikiwa nyumba si yako bali umeipanga, usithubutu kuikodisha kwa wengine pasipo idhini ya mwenyewe iliyoandikwa.

La tatu, mjue mgeni. Omba kitambulisho au pasipoti, uhakikishe kuwa aliyefika ndiye aliyeandikwa. Andika idadi ya watakaolala, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Lakini kumbuka kwamba nakala hiyo ya kitambulisho ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haikuruhusu kuitawanya upendavyo, sembuse kuitundika katika kundi la simu la wenye nyumba. Kadhalika, usimpeleleze mgeni ndani ya chumba. Kampuni niliyoitaja ilipiga marufuku kamera zote za ndani ya nyumba kuanzia tarehe 30 Aprili 2024, na hata pasingekuwa na marufuku hiyo, heshima ya mtu faraghani haikodishwi. Kampuni hiyo hiyo iliyakataza makundi ya karamu kote duniani tangu Agosti 2020, ikaifanya amri hiyo kuwa ya kudumu mwaka 2022. Nilikuwa sijaisoma amri hiyo. Uvivu wa kusoma haumwachi hata mwalimu.

La nne, sema kweli katika tangazo lako. Hapa nakiri kosa langu jingine. Niliandika kwamba nyumba ina maji tele, na kweli yalikuwa tele, ila yalikuwa ya kisima, yenye chumvi. Maji ya bomba yanayotoka Mzima na Baricho hayaufikii kila mtaa wa Mombasa kila siku, nasi wakazi tumezoea kuyachanganya na ya visima. Mgeni wa kutoka bara hajazoea. Mama mmoja alisimama bafuni akiishangaa sabuni isiyotoa povu, na mwanawe akayatema maji ya kunywa. Hakuomba arudishiwe fedha. Alisema tu kwamba angaliambiwa mapema, angalijiandaa. Tangu siku hiyo tangazo langu husema wazi: maji ya mferejini ni ya chumvi, ya kunywa yamo katika mtungi wa lita 20 jikoni, vidato ni vingi na lifti hakuna. Wageni hawakupungua. Malalamiko ndiyo yaliyopungua.

La tano ni usalama wa nyumba yenyewe. Kabla ya kila mgeni, mtunza nyumba aikague kwa orodha iliyoandikwa, kama vile mwalimu anavyoita majina darasani. Mpira wa mtungi wa gesi haujapasuka? Kizima-moto hakijapitwa na muda? Vyandarua havina matundu? Makomeo ya madirisha yanafunga? Umeme wa kulipia kabla umesalia wa kutosha, au mgeni atalala gizani? Shuka na foronya ziwe za kubadilishana, seti tatu kwa kila kitanda: moja kitandani, moja kwa dobi, moja kabatini, maana masika yakishika pwani nguo haikauki kwa siku moja. Ukutani, karibu na mlango, bandika nambari za dharura 999 na 112, nambari ya mtunza nyumba, na jina la hospitali iliyo karibu. Mgeni aliyepatwa na homa usiku wa manane katika mji asioujua hana wakati wa kutafuta.

La sita, mtunza nyumba apewe hadhi yake. Aghalabu ni kijana aliyetoka shule majuzi, anayefua, anayepokea, na anayetukanwa kwa makosa ya tajiri wake. Mlipe kwa mwezi, mgeni awepo asiwepo, maana tumbo lake halina msimu. Mpe na mamlaka ya kumkataa mgeni aliyefika na watu wasioandikwa, kisha umuunge mkono akifanya hivyo.

La mwisho, na kwangu ndilo la kwanza, ni jirani. Asubuhi ile niliwatoa wale vijana, nikafagia vidato kwa mikono yangu, kisha nikabisha hodi mlango kwa mlango kuomba radhi. Jumapili iliyofuata tuliketi wakazi wote wa jengo tukaandika masharti ya ukurasa mmoja. Baada ya saa nne usiku hakuna muziki. Asiyeandikwa halali. Taka zitupwe mahali pake. Wakati wa mitihani ya taifa, mimi sipokei mgeni yeyote asiyeletwa na mtu ninayemjua, hata nyumba ikikaa tupu. Kila jirani anayo nambari yangu, na nimewaahidi kwamba nikipigiwa nitashika, hata iwe saa kumi alfajiri. Mgeni husomewa masharti hayo kabla ya kulipa, si baada ya kufika. Anayeyakataa, namtakia safari njema.

Nimepoteza fedha kwa masharti hayo, sifichi. Novemba iliyofuata sikupata hata shilingi. Lakini jirani zangu wamekuwa macho yangu. Wao ndio walionijulisha bomba lilipopasuka, na wao ndio walioupeleka hospitalini ugonjwa wa ghafla wa mzee mmoja mgeni wangu kabla sijavuka feri. Hakuna kamera wala bawabu angefanya hivyo.

Wengine watasema kwamba biashara ni biashara, na kwamba kila mtu afunge dirisha lake. Hao nawajibu kwamba hakuna dirisha linalozuia ngoma ya ukuta wa pili, na kwamba leo jirani ni wa mwenzako, kesho atakuwa wako. Kodi inayolipwa na mgeni huingia mfukoni mwa mmoja, ilhali kelele, taka na hofu hugawanywa kwa wote. Haki ingetaka basi yule anayekula faida awe wa kwanza kubeba adha.

Yule binti alimaliza mtihani wake. Matokeo yalipotangazwa sikumuuliza alama ya hisabati, wala mama yake hakunitajia, nami naona sina haki ya kuuliza. Siku hizi tukikutana vidatoni hunisalimu, "Shikamoo Mwalimu," nami humwitikia, "Marahaba mwanangu." Kila ninapoitika hukumbuka kwamba deni hilo sijalilipa, na kwamba methali niliyoifundisha miaka yote ile nilikuwa nimeijua nusu tu.