Jiwe la bibi kwenye foleni ya duka

Reli kutoka Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, maduka yalifuata: bati juu, baraza mbele, familia ya mwenye duka nyuma. Vibarua wa mkonge walikopa humo khanga, chumvi na mafuta ya taa. Handeni, isiyo na reli, nayo ilikuwa na maduka yake.

Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka mengi ya watu binafsi yalifungwa, ya vijiji na ushirika yashike nafasi. Hayakutosha. Baada ya Vita vya Kagera, sukari na sabuni viliadimika kabisa. Watoto walipanga foleni alfajiri; wengine waliweka jiwe limshikie mama nafasi.

Watoto wale sasa wana wajukuu. Mwanao akinuna kutumwa dukani, mwambie amuulize bibi jiwe lake lilikuwa la ngapi.