Lori la mahindi na uzito wa kidonge kimoja

Lori la tani 30 linaloondoka Himo kuelekea mpaka wa Holili hubeba magunia 300 ya kilo mia mia. Kwa kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, sumukuvu aina ya aflatoksini haitakiwi kuzidi maikrogramu 10 katika kilo moja ya mahindi. Piga hesabu: kwa shehena nzima ni miligramu 300. Kidonge kimoja cha parasetamo kina miligramu 500 za dawa. Sumu isiyofikia uzito wa kidonge hicho, ikisambaa ndani ya lori zima, inatosha kuufanya mzigo ukataliwe.

Wafanyabiashara wa mahindi hawajasahau Machi 2021. Tarehe 5 ya mwezi huo mamlaka ya Kenya inayosimamia kilimo na chakula ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Siku chache baadaye mlango ulifunguliwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kuwa aflatoksini haivuki 10. Hapo wengi wetu tukatambua kwamba karatasi ya maabara nayo ni sehemu ya mzigo, kama turubai na kamba.

Wakulima huniuliza: hao wa maabara wanaionaje sumu ambayo jicho halioni na ulimi hauonji?

Kwanza, aflatoksini si kitu kimoja. Kwenye mahindi kuna ndugu wanne: B1, B2, G1 na G2. Herufi hizo zinatokana na majina ya Kiingereza ya rangi, kwani chini ya taa ya urujuanimno B hung'aa bluu na G hung'aa kijani. Wanafanana mno. B2 ni B1 iliyoongezewa atomu mbili za haidrojeni, basi. Kwa ubaya, hata hivyo, hawalingani. B1 ndiyo kali kuliko wote, na kiwango chetu kimeiwekea kikomo chake peke yake, maikrogramu 5 kwa kilo. Ndiyo maana kujua jumla tu hakutoshi. Lazima ndugu hao watenganishwe.

Kazi hiyo hufanywa kwa kromatografia ya kimiminika. Mahindi husagwa, sumu hutolewa kwa maji yaliyochanganywa na methanoli, maji hayo huchujwa, kisha tone dogo huingizwa kwenye mashine. Pampu hulisukuma, kwa nguvu inayozidi mara nyingi upepo wa tairi la lori, kupitia bomba la chuma lisilofika urefu wa rula ya mwanafunzi. Bomba limeshindiliwa chembe za silika laini kuliko unga, zilizopakwa kitu chenye tabia ya mafuta.

Fikiria watu wanne wanaoteremka kwa miguu kutoka Marangu kwenda sokoni Himo. Wameondoka pamoja. Mmoja ni mgeni, hana wa kumsalimia, anafika mapema. Mwingine ana shemeji kwenye kila kihamba, anasimama kila geti, anafika wa mwisho. Ndani ya bomba ni hivyo hivyo: G2 haishikamani sana na chembe zile, inatoka kwanza, hufuata G1, kisha B2, na B1 hufunga msafara. Mlangoni kuna jicho la mwanga linaloandika kilele kwenye chati kila mmoja anapopita. Kilele hulinganishwa na cha kipimo kinachojulikana, na kiasi hupatikana. Kwa njia hiyo hiyo viwanda vya dawa hutenganisha peptidi, yaani vipande vya protini kama insulini, na vifanani vyake vilivyoharibika.

Msidhani haya ni ya Wakenya na mpaka wao tu. Mwaka 2016 aflatoksini iliugusa ukanda wa Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, kati yao 20 wakafa. Na hapa kwetu Rombo, utafiti ulioongozwa na Martin Kimanya, uliochapishwa mwaka 2010, ulifuatilia watoto wachanga 215 na sumukuvu nyingine, fumonisini. Watoto 26 walikuwa wakila kiasi kinachozidi kile ambacho mwili unaweza kuvumilia. Walipofikisha umri wa mwaka mmoja walikuwa wafupi kuliko wenzao kwa sentimita 1.3, na wepesi kwa gramu 328. Uji ule ulitoka kwenye mahindi ya nyumbani, si ya lori.

Sasa nije kwenye fedha, ambako ndiko kazi yangu. Maabara hutoza kwa sampuli, si kwa gunia. Tuseme, kwa mfano tu, ada ni shilingi 150,000. Mwenye magunia 10 analipa 15,000 kwa kila gunia, faida imekwisha hapo. Wakijikusanya wakafikisha magunia 300, ni shilingi 500 kwa gunia. Hesabu inavutia, lakini ina mtego: gunia la jirani aliyevuna mahindi mabichi akayarundika sakafuni linaweza kuangusha mzigo wa wote.

Mtego wa pili ni sampuli yenyewe. Kuvu halienei sawasawa; punje chache zinaweza kubeba sumu nyingi, na zilizo jirani zikawa safi kabisa. Niliwahi kuandamana na kikundi kimoja cha tambarare, kijana akachoma bambo kwenye magunia matatu yaliyokuwa karibu na mlango kwa sababu ya nyuma yalikuwa mbali. Mashine ikapima vizuri kabisa kile ilicholetewa. Jibu la kwanza lilikuwa zuri, la mnunuzi likawa baya, na ugomvi ukaanza. Chota kidogo kidogo kwenye magunia mengi, juu, katikati na chini, changanya hadi upate kilo kadhaa, na sampuli yote isagwe kabla ya kupunguzwa.

Kikundi kinachotaka kuuza pamoja kikubaliane kwanza mlangoni mwa ghala: punje zilizooza na kuvunjika zitolewe, mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, na unyevu usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipima unyevu achukue chupa kavu ya kioo, atie mahindi na chumvi kavu kidogo, aifunge, aitikise, kisha aiache dakika 15. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, gunia hilo lirudi juani kwa mwenyewe, hata kama mwenyewe ni mwenyekiti.