Kuotesha Vipandikizi Kabla ya Baridi Kuingia

Miongoni mwa maswali tuyapatayo kwa wasomaji wetu wakaao nchi za baridi, liko moja ambalo hurudi kila ufikapo mwezi wa Septemba. Maua waliyoyalea tangu Mei, yaliyopamba madirisha na vibaraza, karibu yatauawa na baridi. Je, hapana njia ya kuyaokoa? Njia ipo. Haihitaji fedha wala elimu kubwa, ila yataka ifanywe kwa wakati wake. Nasi tumeona yafaa tuieleze kwa urefu kidogo, kwa faida ya akina mama na vijana walioko Uingereza na nchi jirani zake, na hata kwa walioko nyumbani, ambao huenda siku moja wakajikuta huko.

Kwanza tulitazame neno moja. Vitabu vya shule huyaita majira hayo vuli, nasi hatuna ugomvi na vitabu. Lakini mtu aliyezaliwa Unguja, Lamu au Tanga asidanganyike na jina. Vuli yetu ni mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba, nazo ni rehema kwa mkulima. Mtu huchomeka pingili ya muhogo ardhini, au huzika rando la kiazi kitamu, akaenda zake; akirudi baada ya siku chache hukuta limeshika. Vuli ya Ulaya huja kinyume. Mchana wapungua, majani yapukutika, na asubuhi moja mtu huamka akakuta nyasi zimekuwa nyeupe kana kwamba zimemwagiwa chumvi. Hiyo ndiyo jalidi. Maji yaliyo ndani ya majani na shina huganda, barafu hupasua chembe za mmea, na jua likitoka likayeyusha, mmea uliokuwa mzima jana huanguka mweusi, umelegea kama mboga iliyopikwa. Kusini mwa Uingereza jalidi ya kwanza aghalabu hufika Oktoba au Novemba. Huko Scotland huweza kutangulia. Kwa hiyo mwenye kuotesha vipandikizi asingoje aione. Wakati mwema ni kutoka katikati ya Agosti hadi mwisho wa Septemba, ardhi na hewa vikiwa bado na joto.

Tuchukue mfano wa ua moja lililozoeleka kuliko mengi, nalo ni lile waliitalo jeraniamu. Jina hilo si sahihi kitaalamu. Linnaeus alilitia katika jamii ya Geranium mwaka 1753, na Mfaransa L'Héritier akalitenga mwaka 1789, akaliita Pelargonium. Lakini midomo ya watu haikubadilika, nasi tutafuata midomo ya watu. La kushangaza ni kwamba ua hili, ambalo kila mtu hulidhania kuwa la Kiingereza kabisa, asili ya aina zake nyingi ni Afrika ya Kusini. Mbegu za aina mojawapo zilichukuliwa Paris na mtunza bustani John Tradescant mwaka 1631, akazipeleka Uingereza. Basi ni mgeni kutoka bara letu, na ndiyo sababu haliwezi jalidi. Iko aina ambayo majani yake, yakisuguliwa vidoleni, hunukia waridi. Mafuta yake hutiwa katika manukato, na Misri ni moja ya nchi ziyatoazo kwa wingi. Aina hiyo wanawake wetu wengi huipenda kuliko zile zenye maua makubwa yasiyonukia, na hatuwalaumu.

Sasa kazi yenyewe. Chagueni kichipukizi kisicho na ua, kwa sababu ua hula nguvu ambayo sisi twataka iende kwenye mizizi. Kiwe na urefu wa sentimita 7 hadi 10. Kateni kwa kisu kikali kilicho safi, chini kidogo ya kifundo, yaani pale jani lilipoungana na shina, maana hapo ndipo mizizi hupenda kutokea. Ondoeni majani ya chini, mbakishe mawili au matatu ya juu. Ondoeni pia vile vijani vidogo mfano wa magamba vilivyo kwenye kifundo, kwani vikifukiwa huoza na kuleta ukungu. Kisha viacheni vipandikizi saa chache mahali penye kivuli, jeraha likauke. Changanyeni mboji na mchanga wa chengachenga nusu kwa nusu, mjaze chungu cha upana wa sentimita 9, na mchomeke vipandikizi vitano pembezoni, si katikati, kwa kuwa ukingoni maji hupita upesi na hewa huingia. Mwagieni maji mara moja, kisha acheni.

Hapo kwenye kuacha ndipo penye mtihani, na ndipo sisi wenyewe tulipoanguka. Mwaka wetu wa kwanza tulifanya kama tulivyozoea pwani: maji asubuhi, maji jioni, na juu yake tukavifunika vyungu vyote kwa mifuko ya nailoni, kwa kuwa tulisikia kuwa kipandikizi kisicho na mizizi hukauka kisipofunikwa. Habari hiyo ni kweli kwa mimea mingi yenye majani laini, kama vile fuksia. Lakini jeraniamu ina shina nene lililojaa maji, na kwake unyevu ukizidi ni maradhi. Baada ya siku kumi mashina yote yalikuwa meusi kuanzia chini, na chungu chote kilinuka uvundo. Basi jeraniamu isifunikwe, na udongo wake uachwe ukauke kabla ya kutiwa maji tena.

Kijana mmoja alituuliza, tawi lisilo na mizizi lajuaje kuwa limekatwa, hata likaanza kutoa mizizi? Ni swali zuri. Katika ncha changa za mmea hutengenezwa kichocheo kiitwacho auksini, nacho huteremka kwa njia ya shina. Shina likikatwa, kichocheo hicho hujikusanya karibu na jeraha, na chembe zilizokuwa na kazi nyingine hugeuka zikaanza kujenga mizizi. Wataalamu waliibainisha kemia yake katika miaka ya 1930, na tangu hapo maduka yamekuwa yakiuza unga wa kuchovyea vipandikizi. Kwa jeraniamu unga huo si lazima; fedha hiyo nunueni mboji.

Katika wiki tatu au nne mtaona jani jipya dogo likichungulia, na mkikivuta kipandikizi taratibu kitakataa kutoka. Kimeshika. Kuanzia hapo hadi Machi kazi ni kukilinda tu. Kiwekwe dirishani penye mwanga, katika chumba ambacho baridi yake haishuki chini ya nyuzi 5 hivi. Kisiwekwe juu ya chombo cha kupashia nyumba moto. Na wakati wa usiku kisiachwe kati ya pazia na kioo. Wengi hufunga pazia wakasahau, na hewa iliyonaswa upande wa kioo huwa baridi kama ya nje. Jani likigeuka manjano, liondolewe siku hiyo hiyo, lisije likaota ukungu wa kijivu na kuambukiza mengine. Mwezi wa Machi kila kipandikizi kipewe chungu chake, na ncha yake ikatwe ili kitoe matawi. Kisha katikati ya Mei kianze kutolewa nje mchana na kurudishwa ndani usiku, muda wa wiki mbili, mpaka kizoee.

Mimea yenye miti migumu, kama vile waridi, mzabibu na mtini, ina njia yake, na tena ni rahisi zaidi. Hiyo hungojewa mpaka majani yapukutike. Hukatwa fimbo ya unene wa kalamu na urefu wa sentimita 25 hivi; chini hukatwa sawa, chini ya jicho, na juu hukatwa mshazari, ili msisahau upande gani ni wa juu, maana fimbo iliyopandwa kichwa chini haistawi. Huchimbwa mfereji mwembamba nje, hutiwa mchanga kidogo, na theluthi mbili za fimbo hufukiwa. Halafu hukaa huko mwaka mzima. Na nanaa ya chai haina hata haja ya udongo mwanzoni: shina lake katika bilauri ya maji hutoa mizizi kwa wiki moja au mbili.

Lakini ulinzi wa dirishani hauna uhakika, na hapa tutasimulia habari ya mama mmoja tumjuaye, aliyetoka Mombasa kwenda kukaa na mwanawe katika mji mmoja wa kaskazini ya Uingereza. Alipofika hakuwa na Kiingereza cha kumtosha. Jirani yake, bibi wa Kiingereza aliyeishi peke yake, alikuwa akisema naye kwa mikono, juu ya ua uliotenganisha nyumba zao. Siku moja yule bibi alimpa kichipukizi cha jeraniamu inukiayo waridi, akamsugulia jani vidoleni ili anuse. Mama yule alikilea, na mwaka wa tatu jirani akafa. Nyumba ikauzwa, na bustani yake ikafunikwa saruji ya kuegeshea motokaa.

Ikaja Desemba ya 2010, ambayo kwa Uingereza nzima ilikuwa Desemba ya baridi kuliko zote tangu hesabu za nchi zilipoanza mwaka 1910. Mama yule alikuwa Mombasa kwa msiba wa ndugu yake. Mwanawe alikuwa kazini siku nyingi, chombo cha moto cha nyumba kikaharibika, na vyungu vyote vya dirishani vikaganda. Aliporudi Januari hakukuta hata kimoja kilicho hai. Alilia, na watoto wakashangaa bibi yao kulilia majani.

Wiki chache baadaye alikwenda kumjulia hali mwenzake aliyekuwa na mtoto mchanga, akaona dirishani kopo la maziwa lenye majani aliyoyafahamu. Akasugua jani, akanusa.

“Mwanangu, hili si lile la marehemu jirani yangu?”

“Ndilo, mama. Ulinipa mwenyewe mwezi wa Septemba, nami nikaona haya kukuambia kuwa sikujua kulitunza. Nililiacha hapo tu.”

Na lilikuwa ndilo hasa. Hili twataka lieleweke vizuri. Mti uliotoka katika mbegu ni mtoto: huchukua sura ya wazazi wawili, na huweza kutofautiana nao. Kipandikizi si mtoto. Ni mwili ule ule ulioendelea, wenye rangi ile ile na harufu ile ile. Kwa hiyo aliyegawa vipandikizi vinne kwa nyumba nne ameuweka mmea wake mmoja mahali panne, na baridi au uzembe haviwezi kufika kote kwa siku moja.

Ugawaji wa namna hii tunao katika sira. Salman al-Farisi, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alipokuwa mtumwa Madina, aliandikiana na bwana wake kuwa atapata uhuru wake kwa kumpandia mitende 300 na kumlipa wakia 40. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaambia masahaba wamsaidie ndugu yao, nao wakaleta machipukizi ya mtende, mmoja 30, mwingine 20, mwingine 15, mwingine 10, kila mtu kwa kadiri ya alichonacho, mpaka hesabu ikatimia. Salman akachimba mashimo, na Mtume akayapanda kwa mkono wake. Inasimuliwa kuwa halikufa hata moja. Mtende nao huzalishwa kwa machipukizi yatokayo shinani pake, kwa sababu mbegu ya tende haina ahadi: nusu yake hivi huota midume isiyozaa.

Jambo moja la kutahadhari. Wako wasafiri watamanio kutia kijiti cha asumini au cha waridi katika sanduku, wakipande Ulaya kwa ukumbusho wa nyumbani. Msifanye hivyo. Mimea ya kupandwa haiingii Uingereza wala nchi za Umoja wa Ulaya bila cheti cha afya ya mimea kutoka serikali ya nchi itokako, na sheria hiyo haikuwekwa kwa kiburi. Mwaka 2013 bakteria iitwayo Xylella iligunduliwa kusini mwa Italia, ikaangamiza mizeituni kwa mamilioni. Nayo huweza kujificha katika mimea ya bustani iliyo mizuri kwa macho. Gawianeni mlivyonavyo huko huko. Kipandikizi cha kupelekwa nyumba ya pili au mji wa pili hufungwa mguuni kwa karatasi laini iliyoloweshwa na kukamuliwa, kisha hutiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Hukaa salama siku mbili.

Na katika kila chungu chomekeni kijiti cha kuandikia, mtumie kalamu ya risasi, kwa kuwa wino hufutika kwa maji. Andikeni jina la mmea, tarehe mliyokata, na jina la aliyekupeni. Yule mama wa Mombasa sasa ana vyungu sita dirishani. Viwili vina jina la jirani aliyekufa, na vinne vina majina ya watu ambao watakuja kuvichukua mwezi wa Mei.